Mshono wa Kwapani

Dévote aliamka kila siku kabla ya jua ili apate maji. Bomba la mtaa wao, Kartiye ya Sita ya Ngagara, lilitoa maji asubuhi tu, na si kila asubuhi. Akiisha kujaza madumu mawili, aliwasha mkaa, akachemsha uji wa mtama, akamwamsha binti yake Spès. Mumewe, Astère, alikuwa karani wa wizara. Ofisi yake ilikuwa Kigobe, na alikwenda kwa miguu, kwa sababu mabasi madogo ya Ngagara hayakuwa na petroli.

Mwaka huo ulikuwa 1997. Vita vilikuwa na umri wa miaka minne. Watu walikuwa wamevizoea kama mtu anavyomzoea jirani mbaya: bila kumpenda, na bila kutegemea kwamba atahama. Juu ya vita, nchi jirani zilikuwa zimeifungia Burundi biashara. Sukari ilipanda, chumvi ilipanda, sabuni ilipanda. Uzi wa kushonea haukupanda tu. Mara nyingi haukuwapo kabisa.

Watu husimulia habari za risasi na kusahau habari za uzi. Lakini mtu anaweza kupitisha mwezi mzima bila kupigwa risasi. Hawezi kupitisha mwezi mzima bila nguo kuchanika.

Dévote alikuwa na dawa yake. Miaka miwili iliyopita, wakati wa mapigano, familia ilikuwa imekimbia nyumba kwa wiki tatu. Waliporudi walikuta masufuria na nguo zimekwenda. Tangu hapo Dévote alishona kila kitu kama mtu atakayekifumua kesho. Alipiga hatua ndefu za sindano, kila hatua urefu wa punje ya mahindi. Hakufunga fundo mwishoni. Aliacha mkia wa uzi ukining'inia. Nguo ilipochakaa au mtoto alipoongezeka kimo, aliuvuta ule mkia, uzi wote ukatoka mzima, naye akauzungusha kwenye kijiti ili autumie tena. Wanawake wa kartiye walimwiga na kumsifu. Katika ufundi wa kufumua hakuna aliyemzidi. Tatizo ni kwamba nguo huvaliwa kabla ya kufumuliwa.

Spès alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la sita. Siku ya Alhamisi ya wiki ile alitakiwa kufanya mtihani wa kuingia sekondari. Alikuwa na gauni moja la shule, la kaki, ambalo mama yake alikuwa amelishona kwa hatua zile zile ndefu.

Jumatatu, saa nne asubuhi, milio ya bunduki ilisikika kutoka upande wa Carama. Mwalimu aliwaambia watoto walale chini, kama alivyowaambia mara nyingi. Watoto arobaini na wanane walilala chini ya madawati, mikono juu ya vichwa. Spès alipoinua mikono, alisikia uzi ukikimbia. Mshono wa ubavu wa kulia ulifunguka kuanzia kwapani mpaka kiunoni. Kwapani penyewe, kitambaa kilichanika.

Watoto waliogopa kwa dakika kumi. Kisha bunduki zilinyamaza, wakainuka, wakamwona Spès, wakacheka. Mvulana mmoja, Jimmy, alimpa jina papo hapo. Alimwita Dirisha.

Spès alirudi nyumbani ameshika ubavu kwa mikono miwili. Hakulia. Aliketi juu ya dumu la maji akamtazama mama yake.

"Mi sirudi kule," alisema.

"Mutihani ni Alhamisi," Dévote alisema.

"Nimesema sirudi. Wananiita Dirisha."

"Wakuite hata mulango. Utarudi."

"Na nguo gani, mama? Mukubwa wa shule alisema bila kaki hakuna kuingia."

Dévote alilichukua gauni akaligeuza. Hakukuwa na kaki nyingine ndani ya nyumba, wala sokoni kwa bei waliyoiweza. Alileta sindano yake na kijiti chake cha uzi. Akashona ule ubavu upya jioni ile ile, kwa hatua zake za siku zote. Astère aliporudi kutoka kazini, alilishika gauni kwapani akalivuta kidogo, bila nguvu. Mshono ulifunguka tena mikononi mwake.

"Mama Spès," alisema Astère, "hii haitafika Alhamisi."

"We unajua kushona sasa?"

"Apana. Najua kuvuta tu."

Alivua viatu vyake vyenye vumbi la Kigobe, akakaa. Alikuwa amechoka, na hakuwa na shauri lingine zaidi ya moja.

"Pale Kartiye ya Tatu, kwenye baraza ya duka la sabuni, iko muzee Massoudi. Mutu wa Buyenzi. Aliwashonea mapadri na masheikhe, na hakuna hata mumoja aliyerudisha nguo. Umwone kesho."

"Atataka uzi. Na mi sina."

 

Jumanne asubuhi Dévote na Spès walikwenda Kartiye ya Tatu. Massoudi alikuwa mtu mwembamba wa miaka sitini hivi, mwenye kofia ya kufumwa na miwani iliyofungwa kwa waya. Cherehani yake ilikuwa nyeusi, ya kukanyaga kwa miguu, kuukuu kuliko nyumba nyingi za mtaa ule. Kila siku alitoka Buyenzi kwa miguu, akavuka daraja la Ntahangwa, na kurudi kabla ya amri ya kutotoka nje.

Alilipokea gauni, akaligeuza ndani nje, akalitazama kwa muda mrefu.

"Mama Spès, hii nguo uliishona, ama uliifunga kama muzigo?"

"Niliishona, muzee."

"Hapana. Hii si kushona. Hii ni bandi." Alielekeza kidole kwenye zile hatua ndefu. "Bandi ni ya kushika kitambaa kwanza, mupaka ushone kweli. Ukimaliza kushona, unaitoa. Ni kama mugeni: anakaa kidogo, anaenda. We ulimupa mugeni nyumba."

Spès alitazama pembeni. Dévote alisema kwa sauti ya chini:

"Nashona hivi kwa ajili ya uzi. Nikifumua, uzi unatoka muzima. Nautumia tena."

"Naona. Na mara ngapi umeshona huu ubavu?"

Dévote alihesabu kwa vidole. "Ine. Na jana, tano."

"Mara tano. Na kila mara uzi unakatika kidogo, unatupa kipande. Ungeshona mara moja vizuri, ungetumia uzi wa mara mbili tu. Iko mahali pa kubania uzi na mahali pa kuutumia. We ulibania kwapani. Kwapa ndipo mutu anainua mukono. Anabeba dumu, anajibu mwalimu, analala chini wakati wa masasi. Pale uzi unatumwa kazi kila saa."

 Dévote alikuwa amesikia maneno mengi katika miaka minne: ya viongozi, ya redio, ya majirani. Haya yalikuwa ya kwanza kwa muda mrefu ambayo mtu angeweza kuyapima kwa kuvuta kitambaa.

Massoudi alichukua vipande viwili vya kitambaa kibovu, akaviweka pamoja, akampa sindano.

"Toboa. Vuta uzi. Sasa, usiende mbele. Rudi nyuma, hatua moja ndogo, kama punje ya muchele. Toboa pale hatua iliyopita ilipoishia. Chini ya kitambaa, sindano iende mbele hatua mbili. Itokee. Rudi tena nyuma moja."

Dévote alijaribu. Hatua yake ya kwanza ilikuwa ndefu, kwa mazoea.

"Hiyo ni mahindi," Massoudi alisema. "Nimesema muchele."

Alijaribu tena. Mkono wake ulikataa, kisha ukakubali. Baada ya hatua ishirini, upande wa juu ulionekana kama mstari mmoja usiokatika. Upande wa chini nyuzi zilipandana.

"Vuta," alisema Massoudi.

Dévote alivuta vile vipande kwa nguvu zake zote. Mshono ulikaza, haukufunguka.

"Unaona? Hata uzi ukikatika mahali pamoja, hatua iliyo jirani inashika. Katika bandi, ukikatika mahali pamoja, wote wanakimbia. Na mwisho wa mushono usiache mukia. Rudi mara tatu pale pale, halafu pitisha sindano ndani ya kitanzi, ukaze."

"Na mutoto akikua? Nitafumua namna gani mushono kama huu?"

"Utafumua kwa mukasi, na uzi utaupoteza. Lakini kwanza nionyeshe kitambaa ulichoacha ndani."

Dévote alionyesha. Ndani ya mshono alikuwa ameacha upana wa nusu kidole, kwa sababu kaki nayo ilikuwa adimu.

"Nguo ya mutoto unaikata pana, unaacha vidole viwili kila ubavu," alisema Massoudi. "Akikua, unashona mushono mupya nje ya ule wa zamani, ndipo unafumua wa zamani. Kukua kwa mutoto kunangojea ndani ya kitambaa. Hakungojei ndani ya mushono mulegevu. Hii imeshakatwa, haina dawa. Itamutosha mupaka mutihani, na miezi michache zaidi."

Kisha aliuliza swali ambalo Dévote alikuwa amelingojea tangu jana.

"Uzi uko wapi?"

Dévote alitoa kile kijiti. Kilikuwa na uzi mnene wa midomo ya magunia, na vipande vya uzi wa nguo vilivyounganishwa kwa mafundo. Massoudi aliugusa.

"Huu wa magunia utafaa kwa vifungo. Katika mashini hauingii. Na huu wenye mafundo utakwama kwenye tundu la sindano. Hauna mwingine?"

"Apana."

"Mama," alisema Spès, "iko ule wa kopo la maziwa."

Dévote alimtazama binti yake kwa namna ambayo ingemnyamazisha siku nyingine. Siku ile Spès hakunyamaza.

"Uko muzima. Mupya. Sijawahi kuuona unafunguliwa."

Ilikuwa kweli. Ndani ya kopo tupu la maziwa ya unga, chini ya kitanda, Dévote alikuwa ameficha kigurudumu kimoja cha uzi wa pamba, wa rangi ya udongo. Alikuwa amekinunua kabla ya biashara kufungwa. Hakukigusa kwa mwaka mzima. Kilikuwa cha siku ya kukimbia. Katika siku hiyo, alifikiri, ingempasa kushona mifuko ya unga, kushona mablanketi yawe mabegi, kushona vitambulisho ndani ya pindo la kitenge chake. Alikuwa ameipanga siku hiyo kwa uangalifu kuliko alivyopanga Alhamisi.

"Ule si wa nguo ya shule," alisema.

"Ni wa nini?" aliuliza Massoudi.

"Wa kukimbia."

Massoudi aliitikia kwa kichwa. Hakucheka. Buyenzi pia walijua kukimbia, na walijua zaidi kuwapokea waliokimbia.

"Mi siwezi kukuambia vita vitaisha lini," alisema. "Kila mutu aliyeniambia alikosea. Naweza kukuambia kitu kimoja tu. Mutihani uko keshokutwa. Siku ya kukimbia haina tarehe."

 Dévote alikwenda nyumbani. Alirudi baada ya nusu saa na kile kigurudumu mkononi, akakiweka juu ya meza ya cherehani.

Massoudi hakuanza kwa cherehani. Kwanza alifumua mfuko wa gauni. Kitambaa cha mfuko kilikuwa kizima, kwa kuwa Spès hakuwa na kitu cha kutia ndani yake. Akakata humo kiraka cha pembe nne, akakiweka chini ya kwapa lililochanika.

"Kushona juu ya mahali palipochanika ni kushona juu ya upepo," alisema. "Utie kitambaa kizima kwanza. Na kikae kombo, hivi, ili kivutike kidogo mukono ukipanda."

Kisha akamwambia Dévote apige bandi: hatua ndefu, za haraka, kushika kiraka na pande zote mbili za gauni. Dévote alipiga bandi nzuri sana. Alitumia uzi wake wa mafundo kwa kazi hiyo.

"Haya, hapo uko bingwa," alisema Massoudi. "Bandi yako imepata kazi yake."

Alivuta kiti cha cherehani, akapitisha uzi mmoja juu, akajaza bobini kwa uzi wa pili, akaitia chini ya sahani ya chuma. Dévote aliona kigurudumu kikipungua.

"Mashini inakula uzi mara mbili," alisema.

"Inakula. Mumoja wa juu, mumoja wa chini, wanashikana katikati ya kitambaa. Ndiyo sababu haufunguki kwa kuvutwa upande mumoja, kama mudomo wa gunia. Ndiyo sababu pia hatuitumii kila mahali."

Alijaribu kwanza kwenye kipande kibovu. Akakigeuza. Chini palikuwa na vitanzi vidogo vilivyolegea.

"Wengi wanaona hivi wanasema mashini imekufa," alisema. "Haijakufa. Uzi wa juu umelegea." Alikaza kidogo kijiskrubu cha mbele, akajaribu tena. Juu na chini palifanana. "Ukikaza sana, kitambaa kinakunjamana, uzi unakatika. Jaribu kila mara kwenye kipande, si kwenye nguo. Kipande kikiharibika hakuna mutu analia."

Alianza na ubavu wa kushoto, usiochanika lakini wenye hatua zile zile ndefu. Alipunguza urefu wa hatua, akakanyaga. Hakukivuta kitambaa. Alikiongoza tu kwa vidole, akikiacha kitembee chenyewe.

"Ukivuta, sindano inapinda," alisema. "Mi nina hii moja. Ikivunjika, nitarudi Buyenzi kulala."

Alipofika mwisho wa ubavu, aligeuza gauni, akarudi juu ya hatua zake kwa urefu wa kidole kimoja, akakata uzi. Ubavu wa kushoto ulikuwa tayari. Ulikuwa umechukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Alikuwa akiuweka ubavu wa kulia chini ya sindano wakati magari mawili ya askari yalipopita barabarani kwa kasi. Mwenye duka alianza kufunga milango bila kuuliza. Massoudi alikunja gauni akampa Dévote, pamoja na uzi uliobaki.

"Daraja likifungwa, nitalala huku, na mi sina jamaa huku. Tumalize kesho. Nikifika."

"Na usipofika?"

"Mukono wako uko. Ubavu wa kulia umeshapigwa bandi. Unajua kurudi nyuma. Muchele, Mama Spès, si mahindi."

Aliifunika cherehani kwa turubai, mwenye duka akamsaidia kuiingiza ndani, naye akaondoka kwa mwendo wa mzee anayejua urefu wa njia.

Jumatano Massoudi hakufika. Askari walikuwa wamelifunga daraja la Ntahangwa tangu alfajiri, na hakuna aliyepita. Astère mwenyewe alibaki nyumbani, kwa sababu njia ya Kigobe nayo ilikuwa na vizuizi. Spès alikaa mlangoni na daftari lake la hesabu. Hakuwa akilisoma.

Dévote alikaa upande wa pili wa mlango, penye mwanga, akaanza.

Kazi ilikwenda polepole. Cherehani ilikuwa imemaliza ubavu mmoja kwa muda wa chai. Kwa mkono, kipande cha urefu wa kiganja kilichukua muda wa kupika maharage. Kila hatua tatu au nne mkono wake ulitaka kurefuka, kama mguu wa mtu aliyechoka unavyotafuta njia ya mkato. Mara moja aliuacha urefuke, akashona hivyo urefu wa kidole. Aliutazama. Hakuna ambaye angeuona, ndani ya nguo, chini ya mkono. Akachukua mkasi akakifumua kipande kile, na uzi ule ukapotea.

"Unatupa uzi?" aliuliza Astère.

"Natupa."

Astère alimtazama mkewe kwa muda, kama mtu anayeangalia mgonjwa.

Mchana ulipopita, ubavu ulikwisha mpaka kwapani. Alizungushia kiraka kwa hatua za kurudi nyuma, mistari miwili sambamba. Zile kingo za ndani, ambako kaki ilikuwa imeanza kutoa nyuzi, alizizungushia uzi kwa hatua za kulala upande, sindano ikipita juu ya ukingo kila mara, ili kitambaa kisiendelee kujila chenyewe. Hii hakufundishwa na Massoudi. Watawa walikuwa wamemfundisha utotoni, siku za kutarizi vitambaa vya meza, na alikuwa ameisahau kwa sababu ilikula uzi.

Pindo la chini nalo lilikuwa limeshuka. Hapo alibania. Pindo halivutwi na mtu. Alikunja ukingo mara mbili, akashona kwa hatua zilizoachana mbali, sindano ikichota nyuzi mbili tu za upande wa nje, hata mshono usionekane. Kifungo cha shingoni alikishona kwa uzi wa gunia. Tundu la kifungo lilikuwa limepanuka. Aliuzungushia mdomo wake hatua za karibu karibu, kila moja ikipita ndani ya kitanzi chake, mpaka ukawa mgumu kama ukingo wa kikapu.

Mwishowe alitoa bandi. Ule uzi wa mafundo aliurudisha kwenye kijiti.

"Vaa," alimwambia Spès.

Spès alivaa.

"Inua mikono."

Spès aliinua nusu, akasita.

"Inua yote."

Aliinua yote. Akainama. Akapiga magoti, akalala kifudifudi sakafuni, mikono juu ya kichwa, kama darasani. Astère alikuja akasimama juu yake akasikiliza. Hakuna uzi uliosikika ukikimbia.

"Basi mi nitaenda," alisema Spès kutoka sakafuni. "Lakini Jimmy akifungua mudomo, nitamupiga."

"Baada ya mutihani," alisema baba yake.

Katika kopo la maziwa Dévote alirudisha kigurudumu kilichobaki na uzi usiozidi robo. Alilala akiwa na mawazo juu ya robo hiyo. Si kweli kwamba mtu akifanya jambo sahihi hulala vizuri.

Alhamisi daraja lilifunguliwa. Spès aliondoka na baba yake alfajiri. Saa tatu Massoudi alikuwa kwenye baraza ya Kartiye ya Tatu, na Dévote alikuja kumwona.

"Daraja lilinishika," alisema Massoudi. "Nilikaa Buyenzi na mawazo ya ule ubavu. Umefanyaje?"

"Nimeshona."

"Wote?"

"Wote. Na kiraka, na pindo, na tundu la kifungo."

"Nione."

"Iko kwenye mutihani."

Massoudi alitazama barabara, kana kwamba gauni lingeweza kupita. Kisha alisema kwamba wiki ijayo angeletewa kazi ya sare za shule, kwa ajili ya Septemba. Mabavu angeyashona kwa cherehani. Lakini mapindo, vifungo na matundu yalihitaji mkono, na mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka.

"Uzi utaletwa na mwenye kazi," alisema. "Si wako, wala si wangu. Lakini siwezi kuita mutu kabla sijaona mushono wake. Si wa barazani, mimi nikiwa pembeni. Wa peke yake."

"Basi tungoje," alisema Dévote.

Walingoja. Massoudi alishona suruali ya mtu. Dévote alikuwa ameketi juu ya ngazi ya duka. Alikuwa amekwisha kuhesabu moyoni mambo yote yanayoweza kumpata mtoto kati ya Kartiye ya Sita na chumba cha mtihani, na safari hii aliongeza mshono. Kwa mbali, upande wa milimani, kulisikika kitu kama mlio mmoja, au mlango uliofungwa kwa nguvu. Watu wa barazani waliinua vichwa, wakasubiri wa pili, haukuja, wakaviinamisha.

Saa nane na nusu Spès alitokea barabarani. Alitembea na wasichana wawili na mvulana mmoja, na wote wanne walikuwa wakibishana. Alipomwona mama yake, aliwaacha, akaja mbio.

"Mama, walituuliza pipa la maji linalovuja. Linajazwa huku linavuja. Mi nimepata saa sita. Jimmy amepata saa ine. Nimemwambia amesahau kutoa yanayovuja. Anakataa. Muzee, we unaona ni ngapi?"

"Mi najua kitambaa tu," alisema Massoudi. "Inua mukono."

Spès aliinua mkono wa kulia bila kukatisha maneno yake, akaendelea kueleza habari za pipa. Massoudi alisogeza miwani. Alishika kitambaa upande huu na upande ule wa mshono, akavuta. Akavuta tena, karibu na kiraka, kwa nguvu iliyomfanya msichana ayumbe. Akafunua kwa ndani, akapitisha kidole kwenye ule ukingo uliozungushiwa uzi.

"Hii ya ukingo sikukufundisha," alimwambia Dévote.

"Nilikuwa naijua. Niliisahau."

Massoudi aliachia kitambaa. Alisogeza mkasi na kopo la vifungo kutoka upande mmoja wa benchi lake, pakabaki nafasi ya mtu mmoja.

"Jumatatu," alisema. "Uje na sindano yako."

Dévote aliitikia. Kisha alimuuliza binti yake swali alilokuwa amelibeba tangu alfajiri.

"Na ile nguo, ilikuwa namna gani kule ndani?"

Spès alimtazama kama mtu aliyeulizwa habari za nchi ya mbali.

"Nguo gani?" alisema.